Kopo Chini ya Injini

Mlango wa ofisi ya Sajenti Beauty Kafula ulikuwa bado unanukia rangi. Miaka yote aliyofanya upelelezi pale kituo cha polisi cha Nchelenge, alikuwa akiandika maelezo ya watu kwenye kona ya meza ya mapokezi, huku walevi wakimpumulia shingoni. Sasa alikuwa na chumba chake. Kilikuwa kidogo, chenye dirisha moja na sakafu ya saruji nyekundu aliyoisugua mwenyewe kwa nta mpaka ikawa kama kioo, na mlangoni palikuwa na kibao chenye jina lake. Asubuhi hiyo mvua ya Januari ilikuwa imepumzika kidogo. Beauty alikuwa amepiga magoti akikunja karatasi ya kutegemeza mguu wa meza, aliposikia sauti nyuma yake.

"Hodi. Njo weye mama mwenye kutafutaka bintu ya batu?"

Aliinuka haraka mpaka akagonga kichwa kwenye meza. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu asiyemjua, kitenge kimelowa, juu amevaa koti la mwanamume. Askari wa mapokezi alikuwa amekwenda kutafuta chai, na mgeni alikuwa amejipitisha mwenyewe. Beauty alianza kwa kumwangalia viatu, maana kiatu hakijui kujitetea. Vilikuwa viatu vya kiume vya ngozi nyeusi, vimepakwa dawa vizuri. Cha kushoto kilikuwa kizima. Cha kulia kilikuwa kimechubuka juu ya vidole, ngozi imelika mpaka ikawa nyeupe, kama jiwe analolamba mbuzi kutafuta chumvi.

Huyu anaburuta mguu, Beauty alijiambia. Lakini mgeni alipoingia na kuketi, hakuburuta chochote.

"Njo miye," Beauty alijibu, kwa Kiswahili cha mama yake aliyezaliwa Pweto, upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru. "Karibu, mama. Unatoka wapi?"

"Mantapala. Nimekuya na miguu, tangu kuku wa kwanza. Jina yangu Simone." Alikung'uta maji kwenye mikono. "Baliiba pikipiki yangu. Na niko nayua kwenye iko."

Hadithi aliitoa bila kulia. Pikipiki ilikuwa Royal Enfield, Bullet, iliyoletwa upande huu na padri mmoja muzungu enzi nchi ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Padri akahamia Pweto nayo. Alipozeeka alimwachia katekista wake, katekista akamwachia mwanawe Dan, na Dan alikuwa mume wa Simone. Vita vilipofika waliilaza juu ya magunia ndani ya mtumbwi wa injini, wakavuka ziwa nayo. Dan alifia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Tangu hapo Simone ndiye aliyeiendesha, na wanaume wa kambi walikuwa wamechoka kumcheka.

"Bamama benye mimba, batoto benye malaria, ni miye nabebaka ku hospitali," alisema. "Gari ya kambi inakuya ile siku yenye inapenda. Jumapili niliingia kwaya, nikatoka, hakuna. Hata mutu moja hakusikia. Sasa kuko mama mumoja wa samaki, aliiona kwa ba Rabson, Kashikishi, chini ya turubai."

"Una karatasi?"

"Carte rose ilibakia Pweto. Iliungua na nyumba." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Polisi wa kambi alisema, bila papier ni maneno tu."

Beauty alichukua kofia yake. Simone hakuinuka. Alikuwa akitazama dirishani, kwenye uwanja wa nyuma wa kituo, ambako vielelezo vya kesi viliwekwa. Stoo yenyewe ilikuwa imejaa hadi darini nyavu zilizokamatwa, kwa kuwa ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi na wakaidi walikuwa wengi. Kwa hiyo pikipiki zilikaa nje. Moja haikuwa na kiti. Nyingine haikuwa na taa wala vioo. Ya tatu ilikuwa imebaki fremu, na kuku alikuwa ametaga ndani ya sanduku la betri.

"Mama polisi, uniahidi kintu kimoja. Ukiipata, isilale inje. Sitaki unirudishie mifupa."

"Nakuahidi," Beauty alisema, kirahisi kama mtu anayeitikia salamu. "Ikifika mikononi mwangu, hailali nje hata usiku mmoja."

*

Soko la samaki la Kashikishi lilikuwa kimya kwa sababu ya ufungaji wa ziwa. Meza zilikuwa tupu, na mbwa walilala juu yake kama wenye duka. Rabson, tajiri wa samaki, alikuwa na ua mkubwa nyuma ya soko, ghala la barafu na lori la tani tatu. Alikuja kumpokea Beauty mikono imefunguka, mtu mnene mwenye cheko la karibu, lakini mguu wake wa kulia uliukanyaga udongo kwa woga.

"Mwaiseni mukwai, ba Sajenti!" Walizungumza Kibemba. "Nimesikia una ofisi sasa. Lini tunakuja kuinywea?"

"Siku nitakayonunua kiti cha pili. Mguu umefanyaje, ba Rabson?"

"Boti. Niliteleza, mwamba ukanipiga hapa." Alipandisha suruali kwa fahari. Uvimbe ulikuwa mbele ya mfupa wa ugoko, umeiva rangi ya biringani.

"Nimeambiwa una pikipiki nzuri."

Hakusita hata kidogo. Alilivuta turubai mwenyewe. Pikipiki ilisimama pale, nyeusi, tangi limechongeka kama chozi, taa moja kubwa ya mbele na vitaa viwili vidogo pembeni yake kama macho ya paka. Kwenye tangi palikuwa na mistari ya rangi ya dhahabu, myembamba, iliyochorwa kwa mkono. Chini ya injini palikuwa na kopo la sadini.

"Royal Enfield," Rabson alisema. "Classic. Niliinunua mpya Lusaka. Kashikishi yote iliniona nikiingia nayo."

Hilo lilikuwa kweli. Beauty mwenyewe alikumbuka siku ile. Mwaka uliopita Rabson alipita barabarani na pikipiki kama hii hii, yenye sura ya kizamani, watoto wakimkimbilia.

"Hii inaonekana imechoka."

"Ndiyo biashara yao hiyo!" Rabson alipiga paja. "Kampuni inauza uzee, ba Sajenti. Inatengeneza mpya zifanane na zile za babu zetu. Watu wa mjini wanalipia kutu! Taa ya zamani, kiti cha zamani, kila kitu. Ni fasheni. Hao wakimbizi wakiona kitu cha zamani, wanadhani ni chao."

"Nani amesema wakimbizi?"

Cheko lake lilichelewa kidogo tu. "Watu wanasema."

Alileta kadi ya usajili. Beauty alichuchumaa kwenye shingo ya fremu na kusoma nambari zilizogongwa kwenye chuma, moja moja, dhidi ya kadi. Zilikuwa zilezile. Alizipitia kwa kidole. Rangi iliyozizunguka ilikuwa laini na mpya kuliko rangi ya pembeni yake, lakini rangi si ushahidi. Mtu anaruhusiwa kupaka rangi kitu chake. Alipiga picha kwa simu: mbele, nyuma, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto.

"Na kopo hili?"

"La kuku, wanywe maji."

Beauty aliinama. Ndani ya kopo kulikuwa na mafuta meusi, na hakuna kuku mwenye akili ambaye angekunywa.

"Naomba uiwashe niisikie."

"Leo plagi imelowa," Rabson alisema, akilirudisha turubai. "Kesho asubuhi lori linaipeleka Lusaka kwa mafundi wa kampuni. Ikirudi, mukwai, nitakupakia mpaka Mununga."

*

"Nambari?" aliuliza Inspekta Levy, mkuu wa kituo.

"Zinalingana na kadi."

"Kadi ya nani?"

"Ya Rabson."

"Basi umeshamaliza kesi." Levy alikuwa mtu mwema aliyechoka. "Beauty, yule mama ana nini? Ana hadithi. Mahakamani hadithi haina nambari. Kama iliibwa kweli, waliiba wenyewe kwa wenyewe kule kambini. Kuna fundi anaitwa Pitchou, ana seti ya kugongea nambari kwenye chuma. Anza kwake."

Beauty alipanda pikipiki ya kituo, kijichina chenye kelele za nyuki, akaenda Mantapala kwa sababu ushauri wa mkuu hautupwi kabla ya kuonjwa. Pitchou alikuwa kijana mwembamba mwenye kibanda cha mabati, miwani ya kuchomelea imekaa juu ya kofia. Alipoulizwa alipokuwa Jumapili alitoa kilio cha kejeli.

"Eh, mama polisi! Jumapili nilikuwa Mununga, tulizika shangazi. Uliza pasta, yeye njo alikula nyama yote."

"Simone anasema ulitaka pikipiki yake."

"Kununua, nilitaka! Kuiba, hapana. Donc, unaiba ile, utatembeza wapi? Inalia kama ngoma ya ufalme. Dugu, dugu, dugu. Kambi nzima inaisikia, batu banasema, voilà, Simone anapita. Mwizi akiiwasha, hata kiziwi atamusimamisha."

"Lakini hakuna aliyeisikia."

"Basi hakuiwasha." Pitchou aliinua mabega. "Alisukuma."

"Na vyuma vyako vya kugonga nambari?"

Uso wake ulibadilika. Aliingia ndani, akatafuta, akatoka mikono mitupu. "Nilimukopesha mutu wa Kashikishi. Alisema anaandika namba ku boti yake. Ule mukubwa wa samaki."

Njia ya uongo ilikuwa imemrudisha mahali palepale alipotoka. Beauty alimshukuru, akageuza kijichina chake kuelekea ziwani, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Alijua sasa nani. Kilichobaki ni kumfanya hakimu ajue. Vyuma vilivyokopeshwa vingeweza kweli kuandika namba ya boti, na boti Rabson alikuwa nazo tano.

*

Jioni jua lilichungulia chini ya mawingu. Beauty aliketi barazani kwake akipiga dawa buti za kazi, kama alivyofanya kila jioni. Buti la kulia liling'aa upesi. La kushoto lilikataa. Juu ya vidole palikuwa na bapa lililochubuka ambalo halikushika dawa tena, hata alipake vipi. Lilitokana na kijichina cha kituo: kila anapopandisha gia, anaingiza kidole cha mguu chini ya kijiti na kukiinua. Kila mwendesha pikipiki Nchelenge alikuwa na alama ileile, kwenye kiatu cha kushoto.

Brashi ilisimama.

Cha kushoto. Na Simone kilikuwa cha kulia.

Aliifuta mikono kwenye sketi na kufungua simu. Picha ya ubavu wa kushoto: pedeli moja ndefu, na fimbo ya chuma kutoka kwenye pedeli ile ikienda moja kwa moja hadi gurudumu la nyuma. Breki. Picha ya ubavu wa kulia: kiki, na mbele yake kijiti kifupi cha gia, ncha yake imelika na kung'aa kama fedha. Aliongeza ukubwa wa picha. Injini ilikuwa sanduku moja na giaboksi sanduku la pili, yamefungwa pamoja kwa boliti. Na mbele palikuwa na ngoma ya breki, si sahani kama za pikipiki mpya.

Alitafuta namba ya duka moja la pikipiki Lusaka na kupiga. Lilikuwa linafunga. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Taonga, muuzaji, na alitaka kumwambia apige kesho, mpaka aliposikia neno polisi. Beauty alimtumia picha.

"Sajenti," Taonga alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu aliyevua kofia. "Umeipata wapi hii?"

"Kadi inasema ni Classic, mpya, ya juzi juzi."

"Hapana. Sisi tunauza wajukuu. Huyu ni babu." Akaanza kumweleza, na alieleza kama anasimulia ukoo wake. Kampuni ilitoka Redditch, Uingereza, mji wa mafundi wa sindano. Watu waliozoea kuchonga tundu la sindano ndio waliogeukia baiskeli na pikipiki. Miaka ya hamsini Wahindi wa Madras walianza kuiunda Bullet kwao, Waingereza wakaja kufunga kiwanda, na Wahindi wakaendelea bila kusimama. "Ndiyo maana sura haikufa, Sajenti. Taa ileile, vijicho vilevile, tangi lilelile. Mpaka leo mistari ya tangi kuna watu wanaichora kwa mkono. Lakini sura ni ya macho. Miguu ni kitu kingine. Waingereza wa zamani waliweka gia kulia na breki kushoto. Dunia nzima sasa ni kinyume, na hizi mpya zinafuata dunia. Gia kushoto. Breki ya sahani. Injini na giaboksi ni mwili mmoja. Na haina kiki kabisa, unabonyeza kitufe."

"Mtu anaweza kuihamisha gia kwenda kulia, kwa fasheni?"

Taonga alicheka. "Mtu anaweza kuhamisha ini lake kwenda kulia? Shafti ya gia inatoka upande huo tangu kiwandani."

"Ini liko kulia tayari, Taonga."

"Basi umenielewa."

Kabla hawajaagana Beauty aliuliza swali la mwisho. "Mtu asiyeijua akiipiga kiki, itakuwaje?"

"Itamrudishia. Pistoni ni moja, kubwa. Ukiishtukiza, kiki inarudi na kukupiga ugokoni. Nimeona watu wazima wakilia."

*

Asubuhi lori lilikuwa limeshawashwa uani kwa Rabson, na wapakizi wawili walikuwa wameshika ubao. Beauty alifika na Inspekta Levy, aliyekubali kuja kwa sharti kwamba ikiwa hakuna kitu Beauty angemnunulia chakula cha mchana wiki nzima. Nyuma yao alishuka Simone. Wanawake wa soko, ambao hawakuwa na samaki wa kuuza, walisogea kwenye lango kama waliopata biashara.

"Tena?" Rabson alisema. "Ba Inspekta, huyu binti yako anataka nini?"

"Anataka kukuuliza maswali machache. Jibu, uende."

"Nigeukie mimi, ba Rabson," Beauty alisema. "Mgongo kwa pikipiki. Vizuri. Umeiendesha muda gani?"

"Mwaka, na zaidi."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Unaiwashaje?"

"Kitufe." Akajirekebisha upesi. "Au kiki. Kitufe kimeharibika."

"Breki ya nyuma iko mguu gani?"

"Swali gani hili? Wa kulia."

"Na gia?"

"Wa kushoto! Kama pikipiki yoyote duniani. Ba Inspekta, tunacheza hapa?"

Beauty aliingiza mkono wake chini ya kijiti cha kulia na kukiinua. Giaboksi ililia *klak*. Akaenda upande wa pili, akakanyaga pedeli ya kushoto, na kila mtu aliona fimbo ikivutika na gurudumu la nyuma likishikwa. Akamwomba mpakizi mmoja ajaribu kusukuma. Pikipiki haikusogea.

Levy aliinama, akatazama, akazunguka, akatazama tena. "Ba Rabson," alisema polepole, "mwaka mzima ulikuwa unabadilisha gia kwa breki?"

Langoni mtu alicheka, na kicheko kikasambaa kama moto wa nyasi.

"Nilichanganya! Mtu hawezi kuchanganya?"

"Kichwa kinaweza, mguu hauwezi," Beauty alisema. "Kadi yako ni ya pikipiki isiyo na kiki, yenye gia kushoto na breki ya sahani. Hii ilitengenezwa kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Inavuja mafuta, ndiyo maana unaiwekea kopo. Nambari uligonga wewe, kwa vyuma vya Pitchou, na ukapaka rangi. Hujaiendesha hata mara moja. Uliisukuma kutoka Mantapala hadi kwenye lori lako, ukajaribu kuiwasha hapa, ikakupiga. Huo ugoko hukupigwa na mwamba."

"Maneno!" Rabson alifoka. "Hata huyu mama hana karatasi. Nani anasema ni yake?"

Hapo ndipo kesi ilipokuwa na shimo, na Beauty alilijua. Kuthibitisha kwamba si ya Rabson hakukuifanya ya Simone. Alimgeukia.

"Mama Simone. Iwashe."

Simone alivua koti la mume wake, akalikunja, akampa Levy alishike kana kwamba ni karani wake. Alifungua mafuta. Alisubiri. Kisha akashika kishikio kidogo kwenye usukani, kile cha kuiachia injini pumzi, akakivuta, na kwa mguu akaishusha kiki taratibu, taratibu, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala, mpaka kitu ndani kikapumua.

"Haipigiwe na nguvu," alisema, bila kumtazama mtu. "Unaomba ruhusa kwanza. Bwana yangu alinifundisha."

Aliachia kishikio, akairudisha kiki juu, akasimama na mwili wake wote, akashuka mara moja tu.

*Dugu.* Kimya. *Dugu. Dugu. Dugu. Dugu.*

Sauti ilitoka uani, ikavuka meza tupu za soko, ikaenda ziwani na kurudi. Simone alipanda. Kiatu chake cha kulia kiliingia chini ya kijiti cha gia, na lile bapa jeupe juu ya vidole likakaa pale kama kifuniko juu ya chungu chake. Aliizungusha uani mara moja, akapita mbele ya Rabson, akasimama mahali palepale alipoanzia.

Levy alimrudishia koti lake kwa mikono miwili.

Rabson aliketi kwenye ubao wa wapakizi. Ile mpya aliiuza ng'ambo bila kupita forodha, alisema, akabaki na kadi. Kisha akaiona hii Mantapala, na Lusaka kulikuwa na mtu anayekusanya za zamani. "Kwa polisi njiani ingekuwa mpya inayofanana na ya zamani. Kwake ingekuwa ya zamani." Alitikisa kichwa, karibu kwa masikitiko ya fundi ambaye kazi yake imeharibika. "Sikufikiria mguu."

*

"Kazi nzuri," Levy alisema kituoni, Rabson akiwa tayari nyuma ya nondo. "Wiki ijayo hakimu anakuja, ataamua irudi kwake. Mpaka hapo ni kielelezo. Ipelekeni nyuma."

Simone alikuwa amesimama ameshika usukani. Alimtazama Beauty tu, na mbingu nyuma yake ilikuwa imekuwa nyeusi juu ya ziwa lote.

"Stoo imejaa," Beauty alisema.

"Kwa hiyo nyuma. Turubai tutatafuta."

"Kuna chumba kimoja chenye kufuli."

Levy alielewa kabla hajamaliza. Alimvuta kando, akashusha sauti kama baba. "Beauty, nisikilize. Watu wa uvuvi wameniomba chumba hicho kwa nyavu tangu mwezi uliopita, nikawakatalia kwa sababu ni ofisi. Ukiweka kielelezo ndani, kesho wataniuliza kwa nini hicho na si nyavu. Nitajibu nini? Chumba kikishakuwa stoo kimekuwa stoo. Sitaweza kukurudishia."

"Nimemwahidi, ba Inspekta."

"Ni wiki moja."

"Na ile yenye kuku ilikaa muda gani kabla ya kubaki fremu?"

Levy alitazama sakafu nyekundu kupitia mlango uliofunguka, kisha akamtazama msichana aliyeisugua, akakohoa na kwenda kutafuta askari wa kubeba meza.

Waliitoa meza upande upande, ikakwaruza rangi mpya ya mlango. Waliiweka barazani, mahali ambapo ezeko lilikuwa fupi kuliko penginepo. Karatasi iliyotegemeza mguu wake ilibaki ndani, na meza ikaanza tena kuyumba. Kisha Simone aliiingiza pikipiki, akiisukuma kwa tumbo na mikono, tairi zikichora mistari ya matope juu ya nta. Aliisimamisha katikati ya chumba. Akatoa mfukoni mwa koti kopo la sadini, lile la uani kwa Rabson. Alikuwa ameliokota bila mtu kumwona.

"Inavujaka," alisema kwa aibu. "Usikasirike. Njo tabia yake."

"Weka, mama."

Simone aliliweka, akalisogeza kidogo kulia, akaridhika. Beauty alifunga mlango na kumwonyesha kufuli, akalivuta mara mbili ili aone. Kisha akang'oa kibao chenye jina lake, akakiweka mezani kizuie karatasi zisipeperuke, akaketi barazani, akafungua kalamu. Mvua ilifika. Matone ya kwanza yalianguka juu ya neno *Maelezo*, nalo likavimba na kuenea.

Aliigeuza karatasi, akaipa mvua mgongo ili kuikinga, akaanza upya. Na nyuma ya mlango, mara moja moja, alisikia mafuta yakidondoka ndani ya kopo.